Pilau Iliyosubiri Ushahidi

Eti nilikuwamo? Nilikuwamo sana, mjukuu wangu. Babu yako alikuwa mjumbe kamili wa Kamati ya Kusimamia Tiba Inayozingatia Ushahidi, enzi zile za korona, na kiti changu kilikuwa cha mbele, karibu na soda. Shule niliacha darasa la tatu, lakini kukaa kitini hakusomewi.

Mwenyekiti wetu Dokta Haidari, mkubwa wa afya, aliletwa huku kwetu delta, mto unapomwagika baharini, kwa boti. Akashuka, akafutwa tope viatu, akatangaza: "Kuanzia leo, katika zahanati hii, hakitafanyika kitu chochote bila ushahidi!" Tukapiga makofi. Nesi Rukaya naye akapiga, maana alidhani ameelewa.

Kesho yake nesi akaja na mwongozo wa korona. Fungueni madirisha, vaeni barakoa, kaeni mbalimbali.

"Ushahidi wake umetoka wapi?" Dokta akauliza.

"Duniani kote, dokta."

"Duniani. Delta imo?"

Nesi akafikiri. "Delta haikutajwa, dokta."

"Ahaa!"

Basi mwongozo ukawekwa pembeni, tusubiri utafiti wetu wenyewe. Barakoa tukazifungia stoo kwa kufuli, asije mtu akavaa kabla hazijathibitishwa. Ukatoka waraka wenye muhuri: hakuna dawa, hakuna barakoa, hakuna mkusanyiko, mpaka Kamati ipate ushahidi wa hapahapa. Mimi nikaweka dole gumba.

Sasa hapo kwenye mkusanyiko waraka ukanikanyaga mwenyewe. Harusi ya dada yako Muzdalifa ilikuwa imeshaiva. Wakwe wamefika kutoka Chumbi na bwana harusi wao, mchele umechaguliwa, mbuzi kafungwa nyuma ya jiko, keshakula mpaka mkeka wa wageni. Mzee Twalibu, baba wa bwana harusi, akanifuata.

"Mshamu, mwanangu atazeekea kwenye benchi lako. Ijumaa tusipokula, siye tunapanda boti, na bwana harusi tunamchukua."

"Subira, mkwe. Tunatafuta ushahidi."

"Kwani mliuweka wapi?"

Bibi yako Mwanawetu alinipa ugali bila kitoweo.

Kamati ikaingia kikao cha dharura. Ajenda: je, korona huambukiza kwenye chumba kilichofungwa? Kwa kuwa jambo lenyewe nyeti, Dokta akaamuru madirisha yafungwe, mjadala usivuje. Tukajibana mle bega kwa bega. Tayabali wa dukani kikohozi kimemshika tangu asubuhi, tena ndiye aliyekuwa akitugawia karanga kwa kiganja. Mchana kutwa tukabishana, jasho letu likawa moja.

"Tumekaa humu tangu asubuhi," Dokta akasema, "na hakuna aliyeugua. Iandikwe: dalili nzuri."

Ikaandikwa.

Huko nje wakwe wa Chumbi wamenuna. Kila mmoja kakaa kivyake uwanjani, kwenye upepo, kampa mwenzie mgongo. Hawana utafiti hawa, wana hasira tu.

Ilipofika Alhamisi, Kamati nzima imelala. Vitanda vya zahanati vimejaa wajumbe, mimi nimo. Wale walionuna nje, hata chafya! Dokta Haidari, homa inamchemsha, akajiinua kwa kiwiko, macho yanang'aa: "Wajumbe, tumeupata! Ushahidi wa delta kabisa!" Kisha akaanguka kwenye mto. "Nesi, Panadol. Kichwa kinapasuka."

"Pole, dokta. Panadol haijathibitishwa kwa watu wa hapa. Waraka."

"Mimi si mtu wa hapa!"

"Basi na dawa za hapa si zako, dokta."

"Tayabali! Dukani kwako si zipo?"

Tayabali akajibu kutoka kitanda cha pili, nusura alie: "Zipo, dokta. Kabati ulilipiga muhuri weye mwenyewe."

Dokta akaita kikao. Akidi ilitimia, maana hakuna mjumbe aliyeweza kuondoka. "Hoja: waraka ufutwe, wote. Wanaokubali, wakohoe."

Ikapita kwa kishindo. Sijapata kuona Kamati yenye umoja vile.

Nesi akampa Panadol, akafungua madirisha, akavunja kufuli la barakoa. Na kwa kuwa waraka umekufa wote, harusi nayo ikafunguka.

Ijumaa watu wakapangwa uwanjani mbalimbali, vilevile walivyokaa wakwe wakati wamenuna. Sinia hakuna, kila mtu na sahani yake, na zilipoisha tukatumia mifuniko ya sufuria. Siye wagonjwa tukawekwa kwenye baraza ya zahanati, upepo unatoka kwao kuja kwetu.

Bibi yako akaja na barakoa yake, akatupakulia. Kwa Dokta akasita. "Hii haijafanyiwa utafiti, baba."

"Mama, nipe tu."

Dokta akatia tonge. Akatafuna. Akatia jingine. "Mbona haina ladha?"

Bibi yako akaushika upawa vile unavyomjua.

Mimi nami mdomo ulikuwa umekufa, ungenipa pilau ungenipa majani ya mkoko, nisingejua. Lakini yule mwanamke nimekaa naye miaka, ushahidi ninao. "Tamu!" nikapaza sauti. "Mke wangu, leo umepika!"

Wajumbe wote, mmoja mmoja: tamu. Dokta akatutazama, akautazama upawa.

"Tamu sana, mama."

"Haya, kuleni," Mwanawetu akasema. Akavuta kigoda, naye akakaa. Kule Muzdalifa anacheka ndani ya mtandio, na Mzee Twalibu keshaumaliza mfuniko wake, anatafuta cha kuongeza.