Kipa Aliyepigia Makofi Goli Alilofungwa

Leo nimechekwa mpaka na watu waliokuja kuchaji simu tu.

Naandika mwenyewe kabla Hamisi hajaituma ile video humu kwenye grupu. Najua anayo. Najua pia ameikata, inaanzia pale nilipoinama na kuishia panapomfaa yeye. Basi someni yote kwanza, kucheka baadaye. (Naandika polepole, mnanijua. Atakayeniuliza "ikawaje?" kabla sijamaliza, nitamwacha hapo hapo.)

Mnajua kwamba Doto, kipa wetu, ameondoka kwenda kulima tumbaku kwa mjomba wake Urambo. Goli la timu yetu ya Ntalikwa halina mwenyewe. Jumamosi timu inapanda treni kwenda kucheza Tura. Na mnajua kwamba mimi ni kipa wa akiba tangu nimalize darasa la saba. Akiba! Glavu zangu bado zina harufu ya dukani. Nimezivaa benchi, nimezivaa nyumbani, hata siku moja nilizivaa kurinia asali (hazifai, nyuki wanapita). Mpira wa mechi haujawahi kuzigusa.

Kwa hiyo hili goli nililitaka. Sikumwambia mtu yeyote, lakini nililitaka hadi usingizi ukapungua. Mimi si mwongeaji, na golini ndipo mahali pekee uwanjani ambapo mtu anaweza kusimama peke yake bila kuulizwa ana nini.

Waliolitaka tulikuwa wawili, mimi na Hamisi. Kapteni Mihayo alisema leo tutapigiwa penalti kiwanjani, na atakayedaka nyingi ndiye atakayekaa golini Tura. Haki kabisa. Nikapalilia mahindi mapema, nikaoga, nikabeba glavu, nikaenda.

Kufika kiwanjani, maji! Mvua ya jana imelifunika goli zima. Mabata wa watu wanaogelea ndani ya kumi na nane, na mmoja amekaa pale pale penye nukta ya penalti kama vile ndiye mpigaji.

Mihayo akasimama pembeni, akawatazama wale mabata, akafikiri. (Mihayo akianza kufikiri, jihadharini.)

"Twendeni kwa Selemani," akasema. "Ana gemu mpya. Ina penalti, ina kipa. Tutachagulia huko."

"Kapteni, kipa wa kwenda Tura tumchague kwenye gemu?" nikauliza kwa sauti ya chini.

"Si ile ya zamani ya kubonyeza kwa vidole. Hii inachezwa kwa mwili. Ukirusha mkono, kipa naye anarusha mkono. Tofauti iko wapi?"

Hamisi akatabasamu. Kwa nini asitabasamu? Hamisi anashinda kwenye banda la Selemani kuanzia linapofunguliwa. Mimi nilikuwa sijaingia humo hata mara moja. Nikaona kabisa ninapopelekwa. Nikaenda.

Kwa wasiolijua, banda la Selemani ni chumba kimoja cha bati hapo sentani, penye maduka. Kuna TV kubwa ukutani, sofa moja iliyochoka, kreti za soda, na meza imejaa simu za watu zinazochajiwa. Mlango uko ubavuni mwa TV na una pazia la kuzuia jua. Kumbukeni hilo pazia. Kumbukeni na mlango.

Hiyo mashine yenyewe ni ndogo, unaweza kudhani ni boksi la sabuni. Juu ya TV kuna kamera inayokutazama. Mikononi unashika rimoti mbili, moja kila mkono, na kila moja ina kamba ya kufunga kwenye kifundo cha mkono.

"Funga kamba!" Selemani akaniambia kabla hata sijasalimia. "Juzi kuna mtu ameirusha, tazama silingibodi yangu."

Nikatazama. Kweli, kuna tundu.

Hamisi akaanza. Akakaa kwenye sofa. Akaweka mguu juu ya mguu. Nikadhani anajiandaa, kumbe ndiyo anacheza hivyo! Mihayo, aliyekuwa na rimoti za kupigia, akapiga ya kwanza. Hamisi akazungusha kifundo cha mkono kidogo tu, kama mtu anayefukuza inzi kwenye mandazi. Yule kipa wa kwenye TV akaruka hadi mwambani, akadaka. Hamisi hata hakubadilisha mguu! Katika penalti tano akadaka tatu, soda iko pembeni, hajatoka jasho.

"Haya, Maganga," Mihayo akaniita. Maganga ni mimi.

Nikavaa glavu.

"Vua hizo!" Selemani akapiga kelele. "Rimoti itateleza!"

Nikavua. (Hiyo peke yake iliniuma. Kipa unamvua glavu?) Selemani akanifunga kamba mwenyewe, fundo mara mbili mbili, kama anafunga mbuzi wa mnada. Nikasimama katikati ya chumba. Sikukaa. Sijui kudaka nikiwa nimekaa, na sitajifunza.

Na hapa niseme ukweli: yule kipa wa kwenye TV nilimpenda mara moja. Nilikuna kichwa, naye akakuna kichwa. Niliinua mkono, naye akauinua. Hasemi kitu, anafuata tu. Nikajiambia, huyu tutaelewana.

Mihayo akapiga. Mpira ukaja kushoto kwangu.

Hakuna aliyeniambia niruke. Mwili wenyewe uliruka. Mzima mzima, miguu ikaacha sakafu! Nikazipiga kreti za soda kwa bega, nikalikamata pazia la mlangoni, likakatika kamba, tukaanguka wote, mimi chini, lenyewe juu yangu. Giza. Nikasikia chupa zinabingirika, nikasikia Selemani anamwita mama yake. Halafu nikasikia watu waliokuwa wanasubiri simu zao wanasema kwa mshangao:

"Amedaka! Jamani, huyu amedaka!"

Nikatoa kichwa kwenye pazia. Kweli! Yule mwenzangu kwenye TV amelala chini, mpira kaukumbatia kifuani.

"Mkono tu, Maganga!" Selemani alikuwa anaokota chupa. "Mkono tu unatosha!"

"Kipa gani anadaka kwa mkono tu?" nikajibu.

Nilijibu kwa sauti! Mimi! Hata mwenyewe nilishtuka.

Ya pili ikaja kulia. Nikaruka, nikatua juu ya sofa, na Hamisi akamwagikiwa na soda yake. Nimedaka. Ya tatu ikaja juu. Nikairukia hadi vidole vikagusa lile tundu la silingibodi. Nimedaka! Kiwiko kilishachunika, lakini sikukihisi. Watu wa simu walikuwa wamesimama wanapiga vigelegele. Mihayo akanigeukia, akaniangalia kama ndiyo mara ya kwanza ananiona. Miaka yote ile benchi, hajawahi kuniangalia hivyo.

"Huyu mtoto kumbe anaruka," akasema.

Tatu kwa tatu na Hamisi, na mimi bado nina mbili. Nidake moja tu, Tura yangu. Moja!

Sasa, pazia lingekuwepo, haya yasingetokea. Bibi Nyamizi wa Kwihara huleta simu yake kuchaji hapo siku zote, na siku zote hupiga hodi nje, Selemani akamtolea. Lakini leo pazia lilikuwa sakafuni (kwa sababu yangu), mlango uko wazi, bibi akaona watu wamo ndani, akaingia.

"Hodi humu!"

Hakuna aliyeitika. Macho yote yalikuwa kwenye TV. Bibi Nyamizi akaniangalia mimi, niliyekuwa nimesimama mbele yake kabisa. Na bibi huyu alikuwa shoga wa bibi yangu mzaa mama.

Mwili ukafanya tena wenyewe. Nikainama, nikapiga makofi.

"Mwadila, mayo."

Ninyi mliohamia Dar mmeanza kusahau, ngoja niwakumbushe: "mwadila" ndiyo salamu yetu, na "mayo" ni mama. Kwetu mkubwa hasalimiwi kwa kupungiwa mkono. Unainama, unapiga makofi taratibu, na unabaki hivyo hivyo mpaka amalize kuuliza habari. Kila akiuliza, unajibu na makofi yako. Huwezi kunyanyuka katikati. Na Bibi Nyamizi anajua kuuliza!

"Mwadila, baba. Mama yako hajambo?"

"Hajambo, bibi." Makofi.

"Mguu wake umepoa?"

"Umepoa, bibi." Makofi.

Nikasikia nyuma yangu Mihayo anabonyeza. Akapiga! Kapteni mzima, na yeye ana bibi yake nyumbani, akapiga! Nikatupa jicho kwenye TV. Kamera ilikuwa inaniona vizuri sana. Yule mwenzangu alikuwa ameinama katikati ya goli, anapiga makofi taratibu, na mpira unakuja polepole, unapita kati ya miguu yake. Ulipoingia, akapiga makofi tena.

Banda likalipuka. Mtu mmoja wa simu alikaa chini kabisa.

"Na yule ng'ombe wenu mwekundu?" bibi akauliza.

"Amezaa, bibi." Makofi.

"Dume au jike?"

Niambieni, hapo ningefanya nini? Nimwambie bibi subiri kidogo, nina penalti? Na rimoti siwezi kuziweka chini, Selemani amezifunga kama mbuzi. "Jike, bibi," nikasema, nikapiga makofi, na Mihayo naye akapiga ya tano. Ikaingia. Mwenzangu akaishangilia kwa adabu zote.

Hapo ndipo bibi alipoiona TV. Akasogea, akamtazama yule kipa, ambaye bado ameinama, kwa sababu mimi bado nimeinama.

"Ee! Na huyu mbona sijamwitikia? Mwadila, baba. Wa kwenu hawajambo?"

Nilikuwa nimeshazoea. Bibi kauliza, nikapiga makofi. Na yule wa kwenye TV naye akapiga.

"Haya, marahaba," bibi akamwambia, ameridhika kabisa. "Huyu amelelewa."

Watu walikuwa wanalia. Hamisi ameinua simu juu, anarekodi, bega linamtikisika. Na video yake inaishia hapo, kwa sababu kilichofuata hakikumfurahisha. Bibi Nyamizi aliwageukia.

"Na ninyi mliokaa mna nini? Mtoto wa ndani ya kioo ameniamkia, ninyi mlio na miguu mnanichekea?"

Wote wakasimama. Kapteni, Selemani, watu wa simu, Hamisi na suruali yake yenye soda. "Shikamoo, bibi!" Wote kwa pamoja, kama darasa la kwanza. Hiyo hamtaiona kwenye video. Bibi akachukua simu yake, akauliza kama imejaa, akaambiwa imejaa, akaondoka.

Nikafunguliwa kamba. Mihayo alikuwa anajifuta machozi.

"Tatu kwa tatu," nikasema. "Kapteni, zile mbili turudie."

"Maganga, refa hasimamishi mechi kwa sababu ya salamu." Akaanza kucheka tena. "Nimecheza mpira tangu utoto, sijawahi kuona kipa anapigia makofi goli alilofungwa. Hamisi atakaa golini. Wewe akiba."

"Tura mabibi wanajaa pembeni ya uwanja," Hamisi akasema. "Utaweza kuwaamkia wote?"

Wakacheka upya. Mimi nikachukua glavu zangu, nikatoka. Jibu sikuwa nalo. Majibu yangu hunijia njiani siku zote.

Nilipofika nyumbani nilidhani nimepona. Mama alikuwa mlangoni na simu mkononi.

"Bibi Nyamizi amepiga," akasema. "Anasema upo na rafiki mmoja kwenye TV, kijana ana heshima sana. Ni mtoto wa nani?"

Basi hayo ndiyo yaliyotokea. Video ikija, itazameni, chekeni mshibe. Lakini sijutii. Bibi Nyamizi akiingia kesho nitainama tena, hata kama ni fainali, hata kama mpira uko hewani. Na niliruka mara tatu, nikadaka mara tatu, kiwiko ninacho hapa kinauma. Yule aliyefungwa akiwa anasalimia ni wa kwenye TV. Aliyekuwa anaruka ni mimi. Jumamosi napanda treni na glavu zangu, nitakaa benchi nikiwa nimezivaa.

Na wewe Hamisi, najua unasoma. Jibu limefika. Mabibi wa Tura nitawaamkia wote kabla ya filimbi. Wewe nenda katafute sofa ya kukalia golini.