Wagonjwa Kumi na Wawili kwenye Msumari Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Nimeua mfumo! Saa nne asubuhi, kwa kidole kimoja.

Si kosa langu. Mjukuu wangu ndiye aliyenipa simu. Anaitengenezea zahanati mfumo, mgonjwa achukue nafasi ya kumwona daktari akiwa kwake, asiende kukalia benchi tangu alfajiri. Anautengeneza kwa Perl, ambayo ni lugha ya kusema na kompyuta, pamoja na kiunzi chake. Nikamuuliza kiunzi ndiyo nini. Akasema ni kama fremu ya mlango: wenzako wameshaichonga, wewe unatia mlango wako na bawaba zako. Hapo nikaelewa. Angesema hivyo tangu mwaka jana.

Basi akaniambia, haya mke mwenzangu, jiandikishe, nione kama mtu wa umri wako ataweza. Umri wangu! Nikamjibu kwamba wa umri wake ndio wanaotafuta miwani ikiwa usoni. Nikaandika jina. Nikaandika namba. Fomu ikataka tarehe ya kuzaliwa. Tarehe mimi sina. Nikaandika nilichonacho: mwaka wa mafuriko, siku ile paa la mjomba lilipoondoka. Nikabonyeza. Kioo kikawa cheupe, halafu kikajaa lawama kutoka juu mpaka chini.

Roho ilinitoka. Yeye akacheka mpaka akashika ukuta. Akanibusu kipajini. Akasema hilo ndilo kosa alilokuwa akilitafuta, maana watu wasio na tarehe ni wengi na yeye hakuwafikiria. Akaongeza mahali pa kuandika umri wa kukisia. Kumbe mimi ni mtafuta makosa! Darasani sikuingia hata siku moja, herufi alinifundisha yeye huyuhuyu akiwa na miaka tisa, kwa kipande cha mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Leo nimemwonyesha kosa.

Kisha akaniambia nisiguse tena mpaka Ijumaa. Ijumaa Matroni wa zahanati anaukagua mfumo. Akiukubali, mtoto ana kazi hapahapa. Akiukataa, Jumamosi anaijibu ndiyo ile kampuni ya mbali iliyomwita kazini, anafunga sanduku. Alisema hivyo huku akikata mkate, kama mtu anayesema sukari imekwisha.

Sikula.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka na hofu. Nilipita nyuma yake kama nafagia, nikachungulia kioo. Orodha ya wagonjwa ina mtu mmoja. Mimi.

Mtu mmoja! Matroni atauliza wagonjwa wako wapi, naye mtoto atasema yupo bibi yangu? Sanduku hilo, naliona likifungwa.

Nikapata wazo. Sikumwambia mtu. Nikaenda chumba cha washonaji, mtaa wa pili, ambako mjukuu wangu hajawahi kukanyaga kwa sababu nguo zake hununua zimeshashonwa. Wapo wanawake kumi na wawili na simu moja, imefungwa kamba kwenye meza ya kupigia pasi ili isiondoke na mtu. Nikawaandikisha wote kwa simu hiyo. Majina niliandika ninayowaitia: Mama Vifungo, Bi Mkasi, Kidole Chuma ambaye sindano haimwingii, na wengine. Nikawapa na maradhi. Kidole Chuma aligoma, akasema yeye mzima wa afya, nisimtabirie. Nikamwambia shoga, ni kwa ajili ya mtoto, kubali hata kikohozi. Akakubali goti, moja tu, la kushoto.

Kila mara simu ilisema: Umepokelewa. Mara kumi na mbili! Nilirudi nyumbani nachekacheka peke yangu njiani.

Jioni nimemkuta mtoto ameshika kichwa. Orodha ina watu wawili tu. Mmoja ni mimi, na wa pili anabadilika jina. Asubuhi alikuwa Mama Vifungo. Baada ya dakika chache Bi Mkasi. Sasa hivi ni Kidole Chuma. Akaniuliza, bibi, Kidole Chuma ni jina la mtu kweli?

Nikaenda kuosha sufuria iliyokwisha kuoshwa.

Jumatano, 5 Machi

Mambo mabaya.

Mtoto amekaa kitako tangu asubuhi. Ameweka mistari ndani ya programu ya kumshtua yeye kila mgonjwa anapoingia. Ameisoma programu yake kwa sauti, mstari kwa mstari, kama anamsomea mtoto mchanga. Kosa halionekani. Akaniambia kosa linalopiga kelele halimtishi, linalomtisha ni hili lililonyamaza. Mimi pia nilikuwa nimenyamaza.

Nikawaza: labda jana sikuwaandika vizuri. Labda sikubonyeza kwa nguvu. Nikarudi kwa washonaji nikawaandikisha upya wote, safari hii nikibonyeza mpaka ukucha ukauma. Kufika nyumbani, kilio! Amemwona yule mgonjwa akibadilika jina mbele ya macho yake, mara kumi na mbili, yeye akiwa hajagusa kitu.

Hapo nikaona nitafute mtaalamu. Yupo Fundi wa kompyuta pale kona, yule anayevaa miwani ya jua ndani ya duka. Nikamzungusha kwa akili. Nikasema nina jamaa yangu, simtaji, ana zahanati ndani ya kompyuta, wagonjwa wake wanapotea. Akauliza imeandikwa kwa lugha gani. Nikasema Perl. Akacheka hadi miwani ikateleza. Akasema hiyo lugha ya wazee, bibi, iliachwa zamani.

Nikamwambia mzee ndiye huyu aliyesimama mbele yako, meno anayo na mfupa anatafuna. Kama lugha ni ya wazee basi ina adabu, si kama wewe unayempokea mama mtu mzima umekaa. Nikatoka nimeinua kidevu.

Nilikuwa nimefurahi sana na majibu yangu hata sikujiuliza kwa nini alilifunga duka mapema.

Saa tisa Matroni akapiga simu. Amesikia kwa Fundi kwamba wagonjwa wanapotea kwenye mfumo wa mjukuu wangu. Ni kweli? Na Ijumaa Fundi naye atakuja, anao mfumo wake, auonyeshe papo hapo.

Mtoto akaweka simu chini. Akaniuliza nani amemwambia Fundi. Nikasema dunia ina midomo.

Alhamisi, 6 Machi

Seva, ile kompyuta inayoendesha mfumo, ina daftari lake. Hilo sikulijua! Kila mtu anayebisha hodi inamwandika: saa, dakika, amekuja na namba gani, ametaka nini. Mbea wa namna hii sijawahi kumwona, na mtaa huu unao wengi.

Mtoto alilifungua asubuhi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake na chai yake, inamwagika kwenye sahani. Akapita na kidole. Namba moja. Namba ileile. Mara ishirini na nne, kumi na mbili Jumanne na kumi na mbili Jumatano.

Akapiga meza. Amelijua kosa! Akanieleza. Perl imewapanga wagonjwa wake kama makoti kwenye misumari, na kila msumari ni namba ya simu. Likija koti jingine kwa namba ileile, la kwanza linatupwa, jipya linatundikwa. Halilalamiki, halipigi kelele. Yeye alidhani kila mtu ana simu yake.

Nikasema ahaa. Sauti yangu ilitoka kama ya kuku.

Lakini hakutulia. Akasema mtu wa kawaida hawezi kujiandikisha mara ishirini na nne kwa majina ya ajabu. Huyu anafanya kusudi. Anataka kuniharibia. Kisha akamtaja Fundi. Nani mwingine? Ana sababu, ana utaalamu, na jana alijua habari kabla ya Matroni.

Hapo ndipo ilinipasa kusema. Mdomo niliufungua kabisa. Nikasikia unasema: hata mimi yule kijana simpendi, nani anavaa miwani ya jua ndani?

Mungu anisamehe. Kesho atamshtaki Fundi mbele ya Matroni, na ushahidi ni namba ya simu ya meza ya pasi. Namba ikipigwa ataipokea Mama Vifungo, ambaye siri hukaa kwake kama maji kwenye chujio.

Nimepiga magoti. Nimeomba mvua kubwa. Nje jua linawaka.

Ijumaa, 7 Machi

Nilijibandika. Mtoto alisema baki nyumbani, nikasema goti linaniuma na ninakokwenda ni zahanati, kuna ubaya gani?

Chumba cha Matroni kina meza moja, viti vinne na kabati la kadi za wagonjwa lililotapika kadi mpaka sakafuni. Matroni mwenyewe ni mtu mfupi, hacheki. Fundi alikuwa ameshafika. Miwani usoni.

Matroni akasema anataka jambo moja tu: wagonjwa wanapotea, au hawapotei? Mtoto akasimama. Akasema hawapotei bure, kuna mtu anawapoteza, tena yumo humu ndani. Fundi akaruka akauliza unamtazama nani, dada. Mtoto akasema namba ninayo, niipige tusikie inalia wapi?

Kidole chake kiko juu ya simu. Nikaona uso wake, jinsi midomo ilivyokauka. Hajalala siku tatu kwa ajili yangu, na sasa anataka kujidhalilisha kwa ajili yangu.

Nikasema ni mimi.

Hakuna aliyesikia. Nikapiga meza kwa kiganja, nikasema ni mimi jamani! Nikaeleza yote. Orodha ya mtu mmoja. Washonaji. Kamba. Goti la kushoto. Kurudi mara ya pili. Na kwa Fundi nilikwenda mimi, kwa miguu yangu. Nikamwambia Matroni anifunge akitaka, lakini mtoto huyu hana kosa, kosa lake ni kuzaliwa na mtu aliyezaliwa na mimi.

Mtoto amefunika uso kwa mikono miwili. Nilidhani analia. Labda alilia kidogo.

Matroni akaniuliza, mama, hao kumi na wawili wanatumia simu moja? Nikasema ndiyo, na mumewe Bi Mkasi pia, siku za Jumapili. Akaligeukia kabati lake. Akasema nusu ya watu waliomo humu ndivyo walivyo. Simu ya jirani, simu ya mwana, simu ya dukani. Akamwambia Fundi awaandikishe washonaji kwenye mfumo wake. Fundi akamwandika Mama Vifungo. Akamwandika Bi Mkasi. Mfumo wake ukakataa: namba hii imeshatumika. Akajaribu tena. Ukakataa tena. Akavua miwani. Ana macho mazuri, kumbe.

Matroni akamtazama mjukuu wangu. Mtoto akasema nipe nusu saa.

Akaketi. Akawaondoa wagonjwa kwenye misumari ya simu, kila mmoja akampa namba yake mwenyewe, ya mtu, si ya simu. Alipohifadhi, seva ikajiwasha upya yenyewe. Kioo cheupe! Lawama! Nikasoma kwa sauti, herufi kwa herufi: mstari wa 41. Akasema Perl inalalamika 41, lakini tutazame 40, bibi, huwa inachelewa kushtuka. Kweli, nukta-mkato ilisahauliwa mwishoni mwa 40. Akaitia. Nikaandikisha mimi, kwa mkono wangu, Matroni akinisimamia kichwani. Kumi na wawili. Wote wakabaki!

Matroni hakucheka. Alisema Jumatatu ya tarehe 24 mfumo unaanza kazi, na mtoto atakuwa mtunzaji wake. Kisha akasema, na huyu mama asiukaribie.

Tukafika mlangoni. Hapo akanishika mkono akanilazimisha niape. Nimeapa. Sitagusa kompyuta yake maisha yangu yote. Akasema, mke mwenzangu, ungeniua. Nikamwambia ungekufa ukiwa hapahapa karibu, ningekuzika vizuri.

Ile kampuni ya mbali ameshaiandikia hapana. Nimekula sahani mbili.

Jumatatu, 24 Machi

Siku ya kwanza ya mfumo. Sijagusa kompyuta. Simu si kompyuta, ina kamba.

Nilikwenda kwa washonaji mapema, kabla zahanati haijafunguliwa. Niliogopa. Vipi siku ya kwanza nafasi zikikaa tupu? Matroni atasema watu hawautaki. Nafasi ni arobaini kwa siku. Nikawaandikisha wale kumi na wawili, nikawaandikisha waume zao, mama zao, mashemeji watatu, na mpita njia mmoja aliyekuja kupunguza suruali. Sasa simu moja inabeba watu wote, sharti tuitumie! Zote arobaini zimejaa. Kidole Chuma nimempa magoti yote mawili.

Bahati mbaya washonaji wamepata kazi ya haraka ya sare za shule. Hakuna aliyekwenda.

Saa nne Matroni amepiga simu, sauti naisikia mpaka jikoni. Benchi tupu, daktari anajipepea na kadi, na watu wamesimama getini wanaambiwa na simu zao kwamba nafasi zimekwisha. Mtoto amekaa mbele ya kioo, amelifungua daftari la yule mbea, anashuka na kidole. Ameshapauka. Ananiita mara ya pili sasa.

Nimemshauri aanze na Fundi.