Turufu Ndogo

Ilitangazwa rasmi, kwa lugha sita na vipaza sauti viwili, kimoja kikiwa kizima, kwamba kuanzia Jumatatu dunia itaongozwa kidemokrasia. Wakazi wa dunia waliombwa kuwa watulivu.

Aliyelisoma tangazo hilo ni Mkurugenzi wa Mageuzi wa Baraza la Mataifa Yote, bwana mmoja mwembamba aliyefunga tai hata akienda kunyolewa. Ofisini walimwita Bwana Mchakato, kwa kuwa hakuna jambo alilolifanya hivi hivi tu. Akipiga chafya, aliingoja ya pili ili akidi itimie.

Kazi aliyokuwa amepewa haikuwa ya mchezo. Katika Baraza walikuwamo Wakubwa Watano, kila mmoja na kura yake ya turufu: akisema "napinga", jambo limekufa, hata kama dunia nzima inalitaka. Mataifa mengine yote yaliitwa Wenzetu. Wenzetu walikuwa na haki ya kuhudhuria, na haki ya kupiga makofi. Sasa Wenzetu walikuwa wamelalamika mpaka wakakauka koo, na Bwana Mchakato akaagizwa atafute demokrasia isiyomsumbua mtu.

Akaipata. Akaiita Turufu Ndogo. Kila taifa, hata liwe dogo kama kiganja, litaweza kupinga jambo lolote, mradi liwe la utaratibu tu: kufungua kikao, kufunga kikao, mapumziko, kuwasha feni.

Jumapili alimweleza mkewe, ambaye alikuwa akikunja nguo.

"Kwa hiyo wakubwa wataamua vita, na wadogo wataamua feni?" mkewe aliuliza.

"Ni hatua, mke wangu."

"Ya kwenda wapi?"

"Ya kuanzia."

"Baba watoto, umempa mtu pipi, ukamnyang'anya sahani."

"Pipi yenyewe imepitishwa na kamati tatu," alisema Bwana Mchakato, kwa uchungu kidogo.

Jumatatu ukumbi ulijaa. Mkubwa wa Kwanza, ambaye ndiye aliyekuwa Mwenyekiti, alimpa Bwana Mchakato mkono wa pongezi akiwa anatazama pembeni. Ajenda tisa za mwanzo zilihusu kuyapongeza mageuzi. Zikapita bila kupingwa. Ya kumi ilikuwa ukuta wa bahari wa kisiwa fulani kidogo, na hiyo kila mtu aliijua. Kila mwaka ikifikiwa, Mwenyekiti hutazama saa yake, chakula kinakuwa tayari, na jambo linasukumwa hadi mwaka ujao.

Mwakilishi wa kisiwa hicho alikuwa mama mmoja mnene, mkunga mstaafu, ambaye kila mtu alimwita Shangazi, hata waliomzidi umri.

Mwenyekiti akatazama saa. "Waheshimiwa, muda umetutupa mkono. Natoa hoja tuahirishe kikao."

"Napinga," alisema Shangazi.

Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayekataa kuongezewa sukari.

Mwenyekiti akatabasamu, kama unavyomtabasamia mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. "Shangazi, unapinga nini?"

"Kuahirisha. Si jambo la utaratibu hilo? Mimi nina turufu ya utaratibu. Nimepewa juzi, bado iko kwenye nailoni."

Ukumbi wote ukamgeukia Bwana Mchakato. Alijua walichokuwa wakikitaka Wakubwa: neno moja tu, "lakini". Alilitafuta neno hilo katika kanuni alizoziandika mwenyewe, akalikosa. Na yeye hakuwa mtu wa kutia neno mahali ambapo halijapitishwa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema, sauti ikimtetemeka, "hoja imepingwa. Kikao kinaendelea."

"Basi tupumzike kidogo tule!"

"Mapumziko pia ni utaratibu, mheshimiwa."

"Napinga," alisema Shangazi.

Mkubwa wa Pili alikuwa mtu wa vitendo. Akagonga meza. "Tusipotezeane muda. Huo ukuta naupiga turufu kubwa. Umekufa. Twendeni zetu."

"Sawa, baba, umeuua," alisema Shangazi. "Sasa naomba uletwe tena."

Bwana Mchakato akathibitisha kwamba jambo lililokufa laweza kurudishwa maadamu kikao hakijafungwa. Kanuni hiyo waliitunga Wakubwa wenyewe, kwa ajili ya mambo yao wenyewe. Ukuta ukaletwa, ukauawa, ukaletwa tena.

Wala kutoka hawakuweza. Zamani Wakubwa waliwekeana sharti kwamba atakayeinuka kitini wakati kikao kikiendelea amepoteza turufu yake kwa kikao hicho. Kila mmoja alikuwa na makombora ya kuiteketeza dunia, lakini hakuna aliyethubutu kumwachia mwenzake kiti dakika moja. Wakaketi, wakichungana kama paka watano na samaki mmoja.

Wenzetu, kwa kuwa hawakuwa na cha kupoteza, walitoka kwa zamu, wakala, wakarudi wakifuta midomo. Mmoja alirudi na karanga za kukaanga, zikapitishwa safu hadi safu. Harufu yake ilipita mbele ya meza ya Wakubwa bila kusimama.

Kufikia alasiri, Mkubwa wa Tatu, ambaye asubuhi alikuwa amekunywa jagi zima la maji akihutubia juu ya ukame, alianza kubana miguu. Mwishowe akanyoosha mkono.

"Naomba tupumzike kidogo. Nina jambo la dharura. La kibinafsi."

"Ni hoja au haja?" aliuliza Shangazi.

"Haja."

"Kubwa au ndogo?"

"Shangazi, jamani!"

"Mimi ni mkunga, mwanangu, sishtuki."

"Ndogo."

"Basi na turufu yangu ni ndogo. Zitaelewana tu."

Wenzetu walicheka mpaka wakalalia meza. Shangazi hakucheka. Alisubiri wanyamaze.

"Msidhani napenda kuwatesa," alisema. "Kwetu bahari inaingia wodi ya wazazi. Mwaka jana waliniita nikasaidie, nikazalisha maji yamenifika magotini, na nesi ameinua taa juu. Mtoto alipotoka nilimshika kwa nguvu mpaka nikaogopa nitamuumiza. Niliogopa asije akaniponyoka, akaenda na maji. Kila mwaka naanza kuwaambia habari hii, na hapa hapa ndipo mnapotazama saa."

Hakuna aliyetazama saa. Bwana Mchakato akailegeza tai yake, bila kupitia kamati yoyote.

"Mpeni ukuta wake!" alipiga kelele Mkubwa wa Tatu, jasho likimtiririka. "Nchi yangu inatoa saruji!"

"Na sisi mawe!" akadakia wa Nne, ambaye naye alikuwa amekaa upande upande.

"Na wahandisi! Na meli!" akasema wa Tano, asije akaonekana bahili.

Ukuta ukapita bila kupingwa.

"Natoa hoja," alisema Mwenyekiti kwa unyonge, "tuahirishe."

"Kazi inaanza lini?" aliuliza Shangazi.

"Wiki ijayo!" walijibu Wakubwa wote kwa pamoja, na wataalamu wa Baraza wanasema hiyo ndiyo mara yao ya kwanza kukubaliana.

"Sina pingamizi."

Wakatoka mbio, itifaki wakaiacha nyuma pamoja na makabrasha.

Kesho yake asubuhi walikuja na hoja moja tu: Turufu Ndogo ifutwe mara moja. Bwana Mchakato akainuka. Safari hii sauti haikutetemeka.

"Kufuta utaratibu," alisema, "ni jambo la utaratibu."

"Tunapinga!" ukumbi mzima ukanguruma, mpaka feni ikaacha kuzunguka.

Siku hizi Wakubwa Watano huja vikaoni na mito ya kukalia na mayai ya kuchemsha mifukoni, na maji hawayagusi. Juzi Mkubwa wa Kwanza alionekana kwenye ukumbi wa mbele akimfungulia mlango mwakilishi wa nchi moja isiyo na bahari wala reli, tena amembebea mkoba.

"Ndugu yangu," alimnong'oneza, "leo mtatuachia saa ngapi?"

"Inategemea," alijibu yule mwakilishi, akaupokea mkoba wake. "Nyie barabara yetu mmeifikiria vipi?"