Presha pleti yenye majani ya chai

Leo nimejiaibisha mbele ya gereji nzima. Nasimulia mwenyewe kabla hamjaletewa na wengine.

Asubuhi niliondoka Kigamboni, nilikokuwa nimejishikiza kwa rafiki (kaoa wiki iliyopita, mnaelewa). Begi moja, mpango hakuna. Nikavuka na pantoni, nikashuka Magogoni, nikatembea tu. Nikapita Mnazi Mmoja. Nilipofika Gerezani nikasimama, kwa sababu palikuwa na gari la zamani, jeupe, limeshushwa giaboksi, na mimi siwezi kupita mbele ya kitu kilichofunguliwa. Shule niliacha darasa la sita. Kutazama mafundi sijaacha.

Chini ya gari ilitokeza miguu miwili, ya Fundi Kasimu. Pembeni, kwenye stuli, alikaa mwenye gari, Mzee Nassor. Kanzu safi, uso wa msiba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe fundi?"

"Hapana. Naangalia."

Nikaangalia, kisha nikaanza kueleza (ndiyo kasoro yangu). Nikamwambia kilichokufa ni presha pleti, lile duara la chuma lenye springi linaloibana klachi. Nililiona Morogoro, wakifungua trekta. Miguu ya fundi haikupinga. Mzee akanitazama upya. Maongezi yakafika kwenye begi langu, na kutoka kwenye begi yakafika kwenye chumba cha uani nyumbani kwake, ambacho kilikuwa wazi.

"Kuna mtu anakuja kukiona saa kumi," akasema. "Magoti yangu hayawezi kuzunguka maduka. Niletee pleti inayofaa kabla ya hapo, chumba chako. Ukiipata nipigie, nitamlipa mwenye duka kwa simu."

"Nenda na ile mbovu ukafananishe," miguu ikasema. "Ipo hapo pembeni ya jiko."

Pembeni ya jiko, ambalo lilikuwa halijawashwa, kulikuwa na mfuko wa saruji uliofungwa kamba, na kando yake duara la chuma, jeusi, lenye springi na vidole vitatu. Nikabeba duara. Tena nikajisifu moyoni kwa kulitambua.

Duka la kwanza hawana. La pili wakadhani nauza chuma chakavu. La tatu wakanielekeza Kariakoo kwa Mchaga mmoja mwenye duka jembamba, ambaye kila mtu anamwita Mangi.

"Pole na mzigo, kijana."

"Asante, Mangi. Nataka kama hii. Usinipe ya kubahatisha."

Akaigeuza. Akainusa. Akaikwangua kwa ukucha.

"Ina majivu."

"Klachi iliungua."

"Na haya majani ya chai?"

Nikafikiri kidogo. "Gari la zamani hilo, Mangi. Limepitia mengi."

Akapanda ngazi, akashuka na pleti mpya kwenye karatasi ya mafuta. Nikazipandanisha. Nikahesabu matundu, nikahesabu springi, nikabonyeza vidole. Nikamwagiza alete nyingine, nikaikataa kwa sababu rangi ya springi haikunipendeza. Wateja wawili wakaacha shida zao wakawa wananitazama. Mmoja akaniuliza gereji yangu iko wapi. (Nikamwambia Gerezani. Nilikuwa nimekaa hapo nusu saa.) Nikapiga simu, mzee akalipa.

Saa nane nikarudi, mpya kwapani, mbovu mkononi. Madereva bajaji wanne walikuwa wamekaa na maandazi makavu, wote wamenuna. Mama muuza chai, Mama Neema, alikuwa amesimama juu ya ile miguu ya fundi, birika mkononi, anaisema.

"Jiko langu limekatika vishikizo, birika nalibandika juu ya chuma changu. Nimeenda kununua mkaa, narudi, chuma hakipo. Mmekiuza."

Kisha akaniona.

"Kaka. Hicho ulichoshika ni nini?"

"Presha pleti," nikamwambia.

"Ni chuma cha jiko langu."

Hapo ndipo Fundi Kasimu alipotoka chini ya gari kwa mara ya kwanza. Akaichukua ile mpya, akaipima kwenye injini. Ikazidi kila upande, kama sinia juu ya kikombe.

"Hii ya lori," akasema. Akafungua mfuko wa saruji, akatoa pleti ndogo. "Ya gari hii hapa. Niliifunga isipotee."

Nikajitetea kwamba ile ya jiko nayo ni presha pleti. Ni kweli kabisa. Haikunisaidia.

"Mwacheni," dereva mmoja akasema. "Kaka anataka kuliwasha jiko aende nalo Mbezi."

Mzee Nassor alitazama saa yake tu, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikakimbia na mfuko, ile ya lori kwapani, mpaka kwa Mangi. Akaitoa pleti ndogo, akainusa kwanza.

"Hii haina chai. Sasa tunaweza kuongea."

Akanibadilishia. Hakucheka. Alingoja nifike barabarani.

Saa kumi kasoro dakika tano fundi aliijaribu, ikakaa sawasawa. Mzee akapiga simu palepale, akamwambia yule mtu mwingine asijisumbue, akapiga na nyumbani. Kisha akanichukua mpaka nyumbani kwake, mitaa mitatu mbele. Mkewe, Bi Salma, akafungua mlango, akanitazama kuanzia miguuni.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye," mzee akajibu.

"Karibu, mwanangu. Chumba kile pale uani. Kulikuwa na jiko mle ndani, nimelitoa."

Chumba ni kizuri, kina feni. Msicheke. Chai nitakunywa nje.