Bahasha Sitini za Pyo

Siku hiyo Pyo Gwang-sik alikuwa kwenye harusi ya watu asiowajua, amefuata supu ya mbavu. Yuko sahani ya nne, mdomo umejaa, ndipo macho yake yakatua kwenye meza ya mlangoni. Wageni wamepanga foleni, kila mmoja anatoa bahasha ya pesa, anaandikwa jina daftarini, anapewa tiketi ya chakula. Sanduku limefura mpaka halifungiki.

"Lo! Na mimi mbona sioi?" akajiuliza.

Msimcheke, alikuwa na shida. Alikuwa anadaiwa na wakopeshaji saba, na mahakama ilimhurumia ikampangia alipe kidogo kidogo kwa miaka mitatu. Miezi miwili hakulipa. Mwezi wa tatu ulikuwa unaisha Jumatatu, na akikosa tena mpango unachanwa, madeni yanarudi na riba zake, na amana ya chumba anachoishi na mama yake inachukuliwa. Pyo alikuwa tapeli, sawa, lakini mama ni mama.

Akamtafuta Eom Mi-ryong, mwanamke wa miaka hamsini aliyekuwa akikodishwa kukaa kwenye harusi za wenye ukoo mdogo, leo shangazi, kesho binamu.

"Dada, nataka mke wa saa mbili."

"Laki tatu, na unalipa kwanza. Ndugu zangu je? Bibi harusi asiye na ukoo, watu watanusa."

"Waje! Meza yao ya bahasha upande wako, yangu upande wangu, kila mtu na sanduku lake."

"Na ukumbi, kwa jina la nani?"

"Langu, bwana harusi!" Pyo akajipiga kifua. Hesabu alishaipiga: bahasha moja laki, sahani moja nusu laki. Hata mbuzi angeona faida.

Akaalika kila aliyewahi kumsalimu: kinyozi, muuza nyama, wote aliosoma nao, hata Bwana Tak, karani wa wakili anayeshughulikia faili lake. Kwenye meza yake ya bahasha akamkalisha mama yake.

"Mwanangu, utaniaibisha," mama akasema.

"Mama, wewe andika majina tu."

Wakaja. Tena wakaja na watoto, na mabibi, na mabibi wa majirani. Walikula kama waliotoka kwenye mfungo. Pyo alipoapa kumpenda Mi-ryong hadi kufa, machozi yalimtoka kwelikweli, kwa raha ya lile sanduku.

Sherehe ilipoisha akajifungia na mama chumba cha nyuma, akachana bahasha ya kwanza. Ndani karatasi: "Zile laki mbili za mwaka juzi nimekusamehe. Hongera. Kinyozi Ma."

"Mzaha huo," Pyo akasema, akachana ya pili.

"Kilo sita za nyama ya sikukuu, yameisha. Mzae mapacha."

Ya tatu, ya kumi, ya hamsini. Jamani! Hakuna mtu mjini ambaye Pyo hakuwahi kumkopa, na kila mmoja alikuwa amemletea deni lake kama zawadi. Noti ilipatikana moja tu, ya elfu kumi, na mwenyewe aligonga mlango kuidai. Alikosea ukumbi.

"Mi-ryong!" Pyo akapiga kelele, akatimua mbio kwenye meza ya upande wa pili. Meza tupu. Simu ikalia, ujumbe: "Mume wangu, miaka thelathini nimepeleka bahasha kwenye harusi za ndugu zangu, na mimi sikuolewa ili wanirudishie. Leo wamerudisha zote. Asante kwa ukumbi, na supu ilikuwa tamu."

Alipoinua uso, meneja wa ukumbi alikuwa amesimama mbele yake na bili. Sahani mia mbili na kumi na mbili.

Jumatatu ikapita bila senti. Mama akaanza kufunga mitungi yake ya kimchi, kabichi ya kuchachua, kwenye magazeti tayari kwa kuhama, wala hakumgombeza mwanawe, na hilo ndilo lililomuuma Pyo kuliko yote. Jumanne akaenda kwa Bwana Tak na uso wa msiba.

"Mpango umekufa," Tak akasema. "Sasa unafilisika rasmi. Usilie, kufilisika si kifo. Orodhesha madeni yote, jaji akikubali yanafutwa."

"Yote?" Pyo akachangamka. Akatoa daftari la mama. "Basi andika na haya. Watu sitini wamenipa bahasha, na kila mmoja akiozesha mtoto natakiwa nimrudishie kiasi kilekile. Mama anasema nisipolipa hatatoka tena nje."

Tak akalifunga daftari polepole, akamrudishia kwa mikono miwili, kwa heshima kama anakabidhi majivu ya marehemu.

"Ndugu yangu, deni la benki lina jaji. La bahasha halina."

Kisha akavuta droo, akatoa kadi nyeupe yenye utepe.

"Binti yangu, Jumamosi hii. Ile ada ya faili niliyokusamehe kwenye bahasha yangu ni laki tano. Mje na mama."