Kabureta Iliyokataa Kufa

Jumatatu, 3 Machi

Nimekwisha. Mke wangu amerudi kutoka kazini na pikapu ya kaka yake nyuma yake. Juu ya pikapu, jetski, ile pikipiki ya majini. Na si ile ya kukalia kama mtu mzima mwenye akili zake. Ni ile ya kusimama! Haina kiti. Ina usukani mrefu unaopanda na kushuka, na kisehemu nyuma cha kuwekea miguu ya mtu aliyechoka kuishi.

Meneja wa hoteli ya ziwani anatafuta mwalimu wa jetski. Mke wangu amekwenda kumwona bila kuniambia. Amemwambia kwamba mumewe alikuwa bingwa. Meneja amesema sawa, bingwa aje Jumapili aonyeshe mbele ya wageni, ila aje na chombo chake, maana vya hoteli vimelala stoo havifanyi kazi. Shemeji yangu, fundi wa injini za boti, akakumbuka hiki kichakavu kwenye uwanja wa mtengeneza boti mmoja. Wakapewa bure. Cha bure kina gharama, na gharama ni mimi.

Ukweli wenyewe ni kwamba nimewahi kusimama juu ya kitu hiki mara moja, kwa muda wa kupiga chafya. Lakini nilipigwa picha nimekiegemea kikiwa nchi kavu, na picha hiyo ndiyo niliyomposea mke wangu. Kila mwaka hadithi ilinenepa. Mwaka juzi nilijiongezea kombe.

Tangu kiwanda cha uchapaji kilipofungwa sina kazi. Mke wangu ndiye baba, ndiye mama, ndiye umeme, ndiye maji. Kazi hii ni ya mshahara na nyumba ya kukaa. Nikiikosa, basi.

Faraja moja. Shemeji amejaribu kukiwasha. Kimekohoa, kikanyamaza. Kimekufa! Nimekaa mezani nikala kwa hamu, mara ya kwanza baada ya miezi.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji amekuja asubuhi na sanduku lake la vifaa. Mtu huyu hana ubaya hata kidogo, na hilo ndilo tatizo lake. Amefungua kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Petroli ya zamani ilikuwa imeganda ndani, ya kahawia, inanata kama gundi. Nilifurahi. Akaisafisha yote, tundu kwa tundu, kwa mdomo na kwa waya. Nikahuzunika.

Imewaka. Lakini ukiongeza mafuta tu, inazimika. Shemeji kasema injini ina njaa, inapata hewa nyingi na petroli kidogo. Akaenda ndani kunywa chai, akatafakari.

Nikaona hapo ndipo. Kwenye kabureta kuna vijiskrubu viwili. Sijui kazi yake, ila shemeji huvigusa kwa adabu, kwa hiyo ni vya maana. Nikachukua bisibisi, nikakizungusha kimoja kulia, kikagoma, kilikuwa kimekazwa hadi mwisho. Nikakizungusha kushoto. Mzunguko mzima na ushei. Nikaweka bisibisi mahali pake na kuangalia ndege.

Shemeji karudi, akabonyeza. Ikanguruma! Akaongeza mafuta. Ikapokea! Akainama, akakitazama kijiskrubu, akaniuliza nani kakifungua. Kumbe kilikuwa kimebanwa mno na petroli ilikuwa haipiti. Nilipaswa kukana. Badala yake nikajisikia nikisema kwamba mkono una kumbukumbu. Mdomo huu utanizika.

Amemsimulia mke wangu. Mke wangu amewasimulia majirani. Jirani wa kushoto, yule anayeniita Bwana Likizo tangu nikose kazi, amepanda juu ya ndoo kunichungulia kwa heshima.

Jumatano, 5 Machi

Bado kuna tumaini. Inawaka vizuri, inapokea mafuta kidogo, lakini ukiibana hadi mwisho inalegea. Shemeji kasema petroli haifiki kwa nguvu, pampu ina udhaifu fulani, akaitafuta sababu mpaka ikambidi aende kazini kwake. Kaniomba mimi, kama mjuzi, niendelee.

Nikaendelea. Nimeingia jikoni nikachukua kisu cha vitunguu. Kuna mrija mwembamba mweusi unatoka kwenye injini kwenda kwenye kabureta, hauna makuu, hata hauonekani kama utatambulika ukipotea. Nikauchomoa, nikakata kipande kizuri kwenye ncha. Hesabu yangu: ukiwa mfupi hautafika, usipofika hakuna injini, pasipo injini hakuna Jumapili.

Ukafika! Ulikuwa mrefu kupita kiasi tangu mwanzo. Nikaurudisha haraka ili usionekane umekatwa.

Jioni shemeji kaja, akaona kile kipande chini. Nilisahau kukificha, mjinga mimi. Akakiokota, akakikunja. Kwenye mdomo wake kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Akanieleza (na huku macho yake yanang'aa) kwamba mrija huo ndio unaochukua pumzi ya injini na kuisukuma pampu ya petroli, na pumzi ilikuwa ikivuja pale pale nilipokata. Asubuhi nzima aliutafuta ufa huo. Akanikumbatia na oili yake yote. Kasema mtu akiniona hawezi kudhani kama mimi ni fundi.

Binti yangu amesikiliza yote mlangoni. Keshaliambia darasa zima kwa simu ya mama yake. Mwalimu wake anakuja Jumapili na mumewe.

Ijumaa, 7 Machi

Jana sikuandika. Nilikuwa nimelala na shuka usoni.

Leo mwanga kidogo. Imefanya kazi vizuri kwa dakika chache, kisha ikafa. Ukisubiri, inawaka tena. Halafu inakufa. Huu ndio ugonjwa niutakao! Ningesimama majini kwa heshima, ingezimika, ningeinua mikono kwa masikitiko, na wote wangelaumu chombo.

Lakini shemeji kasema leo hatalala mpaka aujue. Ikabidi niwahi. Alipokwenda kuvuta mpira wa bomba (injini hii hupozwa kwa maji, na amenifundisha mara tano kwamba unawasha kwanza, maji baadaye, la sivyo maji huingia tumboni mwake), nikaona kidude cha plastiki kwenye mpira wa tangi. Nikakichomoa. Nikakirusha ng'ambo ya ukuta, kwa jirani. Sasa uchafu uingie, nikasema moyoni, mchanga uingie, mende waingie.

Shemeji kawasha. Ikalia. Ikaendelea kulia. Akaipa maji, akaizima, akaiwasha tena, akaizima, akaiwasha. Haikufa. Nilisimama pale nikiisubiri ife kama mtu anayesubiri mgeni aondoke.

Kumbe kidude kile ndicho kinachoruhusu tangi kuvuta hewa, na kilikuwa kimeziba. Tangi likikosa hewa, petroli haishuki. Jirani wa kushoto kakirudisha mwenyewe, kimempiga kichwani. Shemeji akakipuliza, hakipitishi chochote. Akaweka kipya. Kisha akakaa chini juu ya ndoo na kuniambia kwamba yeye yumo katika kazi hii tangu ujana, na hajaona mtu anayegundua magonjwa matatu bila kufungua hata kitabu.

Nilikwenda chooni nikalia. Nasema wazi, nililia.

Jumamosi, 8 Machi

Nimejaribu ugonjwa. Nimefunga bendeji kifundo cha mguu wa kulia na kuchechemea hadi sebuleni. Mke wangu akaenda jikoni. Kaleta beseni la maji ya moto na chumvi, akaukanda mguu taratibu, kidole kwa kidole, mpaka nikaona raha nikasinzia. Nilipoamka nikachechemea wa kushoto. Binti yangu akaniuliza kama ugonjwa umehama.

Halafu mke wangu akaanza kunyoosha gauni lake la bluu, lile la harusi za watu. Akasema bila kunitazama kwamba tangu kiwanda kifungwe ananiona nikikaa nikiangalia ukuta, na ukuta huo ameuchukia. Akaweka pasi chini.

“Sitaki mshahara tu,” akasema. “Nataka wakuone vile nilivyokuona mimi.”

Nilifungua kinywa. Naapa nilikifungua kwa ajili ya ukweli. Ulikuwa umefika hapa, kwenye meno. Nikamwambia upepo wa kesho utakuwa mzuri.

Mimi ni mtu wa hovyo kabisa.

Jumapili, 9 Machi

Imewaka kwa kubonyeza mara moja. Haikukohoa hata kwa adabu.

Kumbe jetski ya kusimama haisimamiwi ikiwa imetulia. Unalala kifudifudi, unaburuzwa, inapopata kasi unapiga magoti, ndipo unasimama. Hili nililielewa nikiwa chini ya maji. Nilikuwa nimepanda kutoka gatini kama mtu anayepanda ngazi, wageni wote wananitazama, nikawapungia mkono, ikazama upande mmoja nami nikazama upande wa pili.

Wakapiga makofi. Walidhani ndiyo mwanzo wa mchezo.

Mara ya pili nililala kifudifudi. Nikabana mafuta. Kabureta ile niliyoitengeneza kwa mikono yangu miovu ikanywa petroli kama ng'ombe! Jetski ikaondoka, mimi nikabaki. Kuna kamba unayofunga mkononi ili ukianguka injini izimike. Mimi nilikuwa nimeifunga kwenye usukani, ilipendeza zaidi. Basi ikapunguza mwendo na kuanza kunizunguka peke yake, taratibu, mizunguko mipana, kama mbwa anayesubiri kurushiwa mpira. Kila ilipopita karibu nilijaribu kuikamata. Kila nilipojaribu ilinikwepa. Wakaacha kupiga makofi.

Nilipoishika hatimaye iliniburuza hadi kwenye matete. Suruali ilibaki njiani.

Binti yangu alikuwa amejifunika uso kwa mkoba wa mwalimu wake. Mke wangu akaingia majini na gauni lake la bluu mpaka magotini, akanifunga taulo kiunoni, akanishika mkono. Meneja akaja akakohoa. Kasema kuhusu ile nafasi ya ualimu, tusitaniane.

Ndipo shemeji, mtu wa Mungu, akasogea. Akamwambia meneja asiangalie kuanguka, aisikilize injini. Kweli ilikuwa bado inalia kule kwenye matete, sauti moja, safi, bila kukatika. Akamsimulia skrubu, ufa wa mrija na kidude cha tangi. Akasema kuendesha ni mchezo wa vijana, lakini fundi mwenye jicho kama langu hapatikani.

Meneja akatega sikio. Akasema ana jetski nne zimekufa stoo, na boti kubwa ya dizeli ya kutembeza wageni. Akaniuliza kama injini nazijua.

Mke wangu akanivuta karibu. Akaninong'oneza sikioni, na gauni lake lilikuwa linadondosha maji miguuni kwangu.

“Sema ukweli, mume wangu. Hata ukisema hapana, tutarudi nyumbani pamoja.”

Kila kitu kilikuwa kinaningoja. Mlango ulikuwa wazi kabisa, hata kizingiti hakuna.

Nikamwambia meneja nimezaliwa gereji. Akauliza na dizeli je? Nikasema dizeli ndiyo niliyoanzia, petroli nilikuja kujifunza kwa kupoteza muda tu.

Mke wangu akauachia mkono wangu. Akaenda kukaa kwenye pikapu, mbele, pembeni ya kaka yake. Mimi nimerudi nyuma na jetski, na taulo. Hajanisemesha hadi sasa. Kaniwekea chakula mezani, akafunika, akaenda kulala chumba cha binti. Imeniuma kuliko matete yote. Lakini ataona! Mwezi mmoja tu, mshahara mezani, atacheka mwenyewe.

Kazi naanza kesho saa moja asubuhi. Jetski nne na boti. Nimefikiria sana, na mpango wangu safari hii hauna kasoro. Mara zote tatu nilifanikiwa kwa njia moja tu. Kwa hiyo kesho, bila kumwambia mtu, nitajitahidi kwa moyo wangu wote kuziharibu.