Pipa la Kukamulia Limegoma

Jumatatu, 17 Oktoba 1955

Leo nimekuwa mwenye mashine! Ya kufulia nguo. Ya petroli, unaipiga teke kama pikipiki. Ina mapipa mawili: moja la kufulia, la pili dogo la kukamulia, huzunguka kwa kasi mpaka nguo zitoke karibu kavu. Nimeipata kwenye nyumba ya mzungu wa mkonge, kule nyuma ya Makurunge. Mzungu mwenyewe kesha kwenda zake, ghafla, sahani bado ziko mezani. Mlinzi wake, Mrisho, kakubali tubadilishane na baiskeli yangu. Kaniambia nisilifungue pipa dogo jua likianza kuzama, kapanda, kaenda bila kugeuka. Mjinga! Baiskeli yenyewe haina breki.

Yote haya ni kwa ajili ya Bimdogo. Baba yake, Mzee Mwinjuma, ana posa mbili mkononi, yangu na ya Mwishehe dobi. Kasema Maulidi yakipita sijaonyesha kazi ya maana, binti anakwenda kwa Mwishehe. Mtu anayepiga kanzu za watu juu ya jiwe kama anaua nyoka! Tutaona.

Jumanne, 18 Oktoba

Pipa la kufulia, safi kabisa. Povu limefika hadi kwa kuku wa shangazi. Pipa la kukamulia, kimya. Nimekaza mkanda. Nimetia mafuta ya taa, kisha ya nazi. Nimeweka vigae chini ya miguu ya mashine, maana huenda sakafu haiko sawa. Nimepiga teke mpaka ndara ikarukia kwa jirani. Injini inanguruma, pipa limekaa tu kama mgeni aliyekataa chakula.

Shangazi Adija, mwenye nyumba, kasema lile dude limekohoa wakati anachagua mchele. Nimemweleza kuwa ni hewa ndani ya bomba. Kasema hewa haiombi radhi ikishakohoa.

Alhamisi, 20 Oktoba

Nimezunguka mitaa yote kukusanya kanzu za Maulidi. Watu wamezitoa kwa furaha, kipya kinyemi. Hata Mzee Mwinjuma kanipa yake, ile ya darizi kifuani aliyoolea. Mwishehe kapita na beseni tupu, kaniulizia afya. Unafiki mtupu.

Pipa bado. Nimeingiza mkono kutafuta kama kuna kitambaa kimenasa chini. Nikashikwa. Si kwa nguvu. Kwa adabu, kama unavyoshikwa mkono na mzee anayekuulizia hali za nyumbani. Nikavuta, mkono hautoki. Niseme kweli, niliogopa. Nikatoa salamu. Nikaachiwa. Itakuwa ni springi. Vidole vilibaki baridi hadi nilipovichovya kwenye mchuzi.

Jumamosi, 22 Oktoba

Kaja Mohamedi, fundi wa malori wa Chalinze. Kaifungua mashine yote, kaifunga yote. Kasema mkanda mzima, gia nzima, pipa halizunguki kwa sababu limejaa. Nikamwonyesha ndani: tupu. Kasema anaona, lakini uzito wake si wa kitu kitupu. Kaweka sikio. Kaweka tena. Uso ukampauka. Kakusanya spana zake, moja kaisahau, nilipomkimbilia nayo kasema nibaki nayo tu. Mafundi wa siku hizi hawana subira.

Kanzu zimelala majini. Zinaanza kunuka. Maulidi ni Ijumaa usiku!

Jumatatu, 24 Oktoba

Nimepata jawabu. Ni shetani, basi. Mtu akipandwa na shetani, sisi tunampa kombe: aya zinaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zinaoshwa kwa maji ya waridi, mgonjwa anakunywa. Mzungu hakuwa na kombe, ndiyo maana alishindwa.

Nimekwenda kwa Mwalimu Mtoro wa chuoni. Sikumtajia mashine, angenifukuza. Nimesema nina mgonjwa asiyeweza kujigeuza. Kauliza tumbo lake likoje. Nimesema limejaa. Kauliza kama analalamika. Nimesema anakohoa tu, halafu anaomba radhi. Mwalimu kasikitika sana. Kasema nimpe kikombe kidogo kila asubuhi. Mgonjwa wa ukubwa ule, kikombe kidogo! Nimemwomba anijazie chupa nzima, zafarani isipunguzwe.

Jumatano, 26 Oktoba

Limezunguka! Nimepakia kanzu, nikamimina chupa yote. Teke sikupiga. Petroli sikutia. Pipa likajigeuza lenyewe, polepole, kwa upande usio wake, kisha kwa kasi. Ndani zikasikika sauti za watu wengi wanaosukumana kwenye mlango mmoja. Shangazi katupa ungo, kahamia kwa binti yake Zuleha. Mimi nilicheka kwa furaha.

Likasimama. Kifuniko kikafunguka. Kanzu zote kavu. Zote za manjano! Manjano ya wali wa biriani! Zafarani, nani angeifikiria? Imepenya hadi kwenye darizi ya Mzee Mwinjuma. Chini kabisa palikuwa na nguo moja nyeupe pepe, ndefu, haina mikono, haina kola, haina mshono. Si ya mteja wangu yeyote. Nimeianika. Kufika magharibi haipo kambani. Namshuku Mwishehe.

Jumamosi, 29 Oktoba

Maulidi yamesomwa jana. Safu kwa safu, manjano tupu. Mgeni mmoja wa Pangani kauliza kwa heshima hii ni tarika gani. Mwalimu Mtoro kanusa bega lake mwenyewe, kanitazama, kasema maneno ya Mungu si sabuni. Niliona haya. Haya kidogo.

Safu ya nyuma walikaa watu wenye nguo nyeupe kabisa. Siwajui. Hakuna aliyewapa mkono. Mrashi wa maji ya waridi ulipopitishwa uliwaruka. Wao walinitazama mimi tu, kwa upole, muda wote.

Mzee Mwinjuma, aliyekuja na shati na kikoi, kasema posa yangu imekufa. Nimemshika miguu. Kalegea: nimletee hata mteja mmoja aliyeridhika, aseme mbele ya watu, Ijumaa baada ya sala. Nisipomleta, Mwishehe anaoa. Nani ataridhika katika mji huu? Nimelia mpaka mto umelowa, nampenda Bimdogo.

Jumanne, 1 Novemba

Wateja! Wale wa safu ya nyuma! Wamekuja jua likizama. Hodi sikuisikia, niliwakuta wameshasimama uani. Nguo zao zote ni mtindo ule ule usio na mshono, pembeni zina udongo kidogo. Nikafungua pipa, likawakamulia bila petroli, bila kombe. Wameridhika kupita kiasi. Msemaji wao ana pamba puani. Mafua, nadhani.

Mwishehe kachungulia juu ya ukuta. Kaniita pembeni, kasema nguo zile zinanuka kafuri, na kafuri anayepakwa ni maiti. Kaniapia kuwa hataki tena kushindana, niitupe tu mashine baharini, yeye atanisaidia kuibeba. Werevu gani huu! Kafuri hufukuza nondo, kila mwenye kabati anajua. Nimemfungia mlango.

Alhamisi, 3 Novemba

Mambo yote tayari! Wateja wangu wamekubali kutokea kesho mbele ya Mzee Mwinjuma. Wamekubali kwa sauti moja, tena wakaongeza heshima ambayo sikuiomba. Watanikatia nguo kama zao. Mmoja kanipima kwa kamba toka utosini mpaka unyayoni, mikono yake baridi, kazi yake nadhifu. Wataniogesha wenyewe kwa majani ya mkunazi. Sitakanyaga chini hata hatua moja, watanibeba mabegani mpaka msikitini, kama bwana harusi! Wanasema hata nyumba wameshanitafutia. Ni nyembamba, lakini haina kodi, na majirani ni watulivu.

Nimempelekea Bimdogo salamu ajipambe. Shangazi kamtuma Zuleha anisihi nikalale kwao leo. Nimekataa. Wanawake hawaelewi biashara, na wateja wameomba nilale hapa hapa, karibu na pipa, wasipate taabu ya kunitafuta.

Ombi langu lilikuwa moja: tupite mbele ya nyumba ya Mwishehe, tena polepole, anione vizuri. Wamesema mwendo wao huwa wa haraka, hawacheleweshi mtu, lakini njia ni hiyo hiyo. Na wamenihakikishia kuwa Mwishehe mwenyewe atatoka mbio kuja kutia bega. Hilo ndilo limenifurahisha kuliko yote.